SOMO LA AFYA: WAKATI KIPIMO CHA MOYO KINAJIBU «BADO»



Katika toleo lililopita tuliandika juu ya maji safi. Leo tunaandika juu ya moyo, tena si ule moyo wa mahubiri, bali moyo wa nyama unaopiga kifuani.

Kwa nini moyo? Ni juu siku hizi mtu wa kwetu Kasugho, kama moyo wake unapiga vibaya, anaweza kutumwa mbali kupimwa: Butembo, Goma, na wengine wanapita Kasindi kwenda mpaka Kampala. Anarudi na karatasi ya mistari na hesabu. Mara nyingine karatasi ile haisemi «wewe ni mzima», wala haisemi «wewe ni mgonjwa». Iko katikati. Mtu aliondoka nyumbani kutafuta jibu, naye anarudi na swali kubwa kuliko la kwanza, na mbuzi zimekwisha kuuzwa.

Jibu la namna hiyo sisi tunaliita «bado». Ukimwuliza mtu, «Umekula?», anaweza kujibu ndiyo, anaweza kujibu hapana, tena anaweza kujibu bado. Bado si hapana, wala si ndiyo. Somo hili lina shabaha moja: tujue namna ya kuishi na kipimo cha moyo kinachosema «bado», bila kupotea kwa hofu na bila kukidharau.

1. MASHINI INASIKIA NINI?

Sisi wa Biolojia tumejifunza kwamba moyo ni msuli wenye vyumba vine: viwili vya juu vinapokea damu, viwili vya chini vinaisukuma. Kila pigo linaanzishwa na umeme mdogo sana. Umeme huo unatoka sehemu moja ya chumba cha juu, upande wa kuume, sehemu ambayo waganga wanaiita sinusi. Kiisha unashuka mpaka vyumba vya chini, na msuli unajikaza. Mwili wetu unapitisha umeme huo mpaka kwenye ngozi. Ndiyo maana nyaya zilizobandikwa kifuani zinaweza kuusikia.

Munganga Willem Einthoven wa mji wa Leiden, Uholanzi, alitengeneza mashini iliyoandika umeme huo vizuri, mwanzoni mwa miaka ya 1900. Mashini yake ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, na mgonjwa alitia mikono na mguu ndani ya vyombo vya maji ya chumvi. Zile herufi P, Q, R, S na T zinazotajwa juu ya mistari ya moyo, yeye ndiye aliyezizoeza watu. Mwaka 1924 alipewa Zawadi ya Nobel.

Lakini mashini ya namna hiyo inasikiliza moyo sekunde chache tu. Ni kama mkaguzi anayeingia darasani dakika moja na kutoka. Kama msumbufu wa darasa alinyamaza dakika ile, mkaguzi ataandika kwamba darasa lote ni tulivu. Basi, Mmarekani mmoja, Norman Holter, wa mji wa Helena katika jimbo la Montana, aliwaza kwamba afadhali mashini imfuate mtu mchana na usiku. Miaka ya 1940 alijaribu na mashini ya kubeba mgongoni, kilo 38 hivi, sawa na mzigo mzito wa muhogo ambao mama zetu wanabeba toka shambani. Mwaka 1961 alitangaza kazi yake, na leo kipimo hicho kinaitwa kwa jina lake: Holter. Mashini imekuwa ndogo, inaingia mfukoni. Nyaya zinabandikwa kifuani kwa sparadra, unaivaa saa 24 au 48, unatembea nayo na kulala nayo. Kwa kawaida huogi nayo.

Sasa fanyeni hesabu. Moyo ukipiga mara 70 kwa dakika: 70 × 60 × 24 = 100.800. Holter inasoma mapigo karibu laki moja ya siku moja. Katika mambo laki moja, nani atakosa kukuta jambo la ajabu? Hata karani mwema akiandika maneno laki moja, tutakuta makosa. Kumbukeni hesabu hii, tutairudilia.

2. MANENO YANAYOOGOPESHA BURE

Karatasi zinakuja kwa Kifaransa cha waganga, na zile za Kampala kwa Kingereza. Jamaa anatafsiri kama anavyoweza, na hapo hofu inaingia. Tutaje maneno mane.

Ritimu sinusali. Watu wanasikia «sinusi» na kufikiri ni ule ugonjwa wa pua na paji la uso. Sivyo. Maana yake ni kwamba umeme wa moyo unatoka pale unapopaswa kutoka. Ni habari njema.

Ekstrasistoli. Ni pigo lililokuja mapema kabla ya zamu yake. Baada yake moyo unangoja kidogo, kiisha unapiga kwa nguvu. Ndiyo maana mtu anasema, «Roho iliruka,» ama «Roho ilisimama kidogo.» Wakiongeza «ventrikuleri», watu wengine wanafikiri ni jambo la tumbo. Hapana, ni pigo lililoanzia chumba cha chini cha moyo.

Izole. Hapa kwetu neno hili lina kidonda. Toka tarehe 1 Agosti 2018 mpaka 25 Juni 2020 tuliona Ebola katika Beni, Butembo na vijiji vingi, na watu 2.287 walikufa. Aliyetengwa wakati ule wengi hawakumwona tena. Basi, mtu akisoma «ekstrasistoli izole» anaogopa kwamba atafungiwa. Lakini kwenye karatasi ya moyo neno hili linasema tu kwamba mapigo yale ya mapema yalikuja moja moja, hayakufuatana kama msururu. Nayo pia ni habari afadhali.

Artefakti. Ni alama ambayo haikutoka moyoni. Waya ulitikisika, sparadra ililegea kwa jasho, ama mtu alijikuna. Mashini iliandika, juu mashini inaandika yote. Ni kazi ya munganga kutenga nafaka na makapi.

3. KARATASI YA MWENZETU

Mwenzetu mmoja wa shule yetu alivaa Holter mwaka jana. Jina lake hatulitaji, na yeye mwenyewe alikubali tuandike. Alikuwa anasikia moyo kuruka usiku, na mara moja katika mchezo wa mpira aliona kizunguzungu. Karatasi yake ilisema hivi: mapigo yote 98.600, wastani 68 kwa dakika, chini kabisa 44, saa tisa ya usiku, juu kabisa 168, saa kumi na dakika kumi ya mchana, ekstrasistoli 212, izole. Chini yake munganga aliandika: «Kurudilia baada ya miezi sita, pamoja na kaye.»

Nyumbani ile karatasi ilisomwa na watu wengi. Wa kwanza alisema, «44! Moyo unakaribia kuzimika.» Wa pili alisema, «168! Huyu iko na tansio.» Wa tatu aliona 212 na akasema makosa ni mengi mno, aache masomo, masomo yanachosha roho. Jirani alileta vidonge vya moyo vya marehemu babu yake. Mwingine alisema kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu aliyemfunga. Mwenzetu alikuwa karibu kuandika Egzete. Usiku alilala mkono kwenye kifua akihesabu mapigo, na kwa sababu ya kuhesabu hakulala, na kwa sababu ya kutolala moyo ukazidi kuruka.

Tutazame hesabu pole pole kama tulivyofundishwa. 212 katika 98.600 ni karibu mapigo 2 katika kila 1.000. Waganga wanaanza kuogopa kwamba mapigo yale yenyewe yatachosha msuli wakati yanafika kama 1 katika kila 10. Ile 44 ilikuwa saa tisa ya usiku, mtu akiwa usingizini. Zimebaki 168 na kile kizunguzungu. Saa kumi na dakika kumi alikuwa anafanya nini? Kama alikuwa anapanda mlima na bidoni la maji, 168 ni kazi ya kawaida ya moyo wa kijana. Kama alikuwa ameketi kwenye kiti, ni jambo lingine. Hakuna aliyekumbuka, juu hakuna kaye iliyoandikwa siku ile.

Basi, munganga hakuficha kitu. Sehemu moja ya karatasi ilikuwa safi, na sehemu nyingine ilikosa habari. Kuandika «kurudilia» ndiyo kusema «bado» kwa lugha ya hospitali.

4. SABABU NNE ZA JIBU «BADO»

a) Moyo wa mtu mzima pia unaruka. Mwaka 1977 waganga wa Chicago, Marekani, walitangaza kwamba walikuwa wamewavalisha mashini wanafunzi 50 wa uganga, vijana wanaume wasio na ugonjwa wowote wa moyo uliojulikana. Nusu yao walikuwa na angalau ekstrasistoli moja toka vyumba vya chini, na zaidi ya nusu toka vyumba vya juu. Usingizini mapigo yao yalishuka chini ya 60, wengine chini ya 40. Kama mnavyoona, 44 ya mwenzetu ingeketi vizuri kati ya wale waganga wa kesho. Lakini tuone jambo lingine pia: kati ya wale vijana, walio na mapigo mengi ya mapema walikuwa wachache sana. Kuwa nayo kidogo ni kawaida. Kuwa nayo kwa maelfu kunaomba kuchunguzwa.

b) Mashini inaona mbio, haioni sababu. Moyo unakimbia wakati wa homa ya malaria, wakati damu ni kidogo, wakati umekunywa kahawa nyingi, wakati unangoja kuitwa na Prefe. Tena kuna wenzetu waliokimbia risasi, wakalala porini, na leo mlango ukigongwa kwa nguvu moyo wao unaenda mbio. Mashini itaandika 140 kwa mtu huyo sawa na kwa mtu anayecheza mpira. Karatasi haijui vita. Mwenye moyo ndiye anayejua, naye lazima aseme.

c) Siku moja haitoshi. Jambo linalokuja mara moja kwa juma linaweza kukosa siku ya mashini. Hili sisi wa hapa tulilijifunza katika Ebola: mtu akipimwa damu mapema, kabla ya siku tatu za ugonjwa kutimia, na labo ikisema hapana, walimpima tena, juu jibu la mapema linaweza kudanganya. Hakuna aliyeona kwamba labo ni mbaya. Ni namna vipimo vilivyo.

d) Vitabu vya kusomea mistari viliandikwa hasa kwa kupima watu wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Kuna sura za mistari ambazo kwa kijana mwenye asili ya Afrika, hasa mchezaji, ni za kawaida, lakini kitabu cha zamani kingeziita ugonjwa. Mwaka 2017 waganga wa nchi mbalimbali waliandika kanuni za kusoma mioyo ya wachezaji. Humo walisema wazi kwamba sura fulani ya mawimbi ya mbele ya kifua ihesabiwe kawaida kwa mchezaji mweusi asiye na dalili wala habari mbaya katika ukoo wake. Basi, usishangae munganga mmoja akisema hivi na mwingine hivi. Waulizwe, wapatane.

5. HATA WAGANGA WALIPASWA KUNGOJA

Msifikiri «bado» ni ya wanavijiji tu. Tuwape mifano miwili, mmoja wa mbali na mmoja wa karibu.

Miaka ya 1980 waganga waliona kwamba watu waliopona shambulio la moyo, kama Holter yao inaonyesha ekstrasistoli nyingi, wanakufa zaidi. Wakafikiri: tuondoe ekstrasistoli, tutaokoa watu. Dawa zilikuwepo, nazo zilisafisha karatasi vizuri sana. Toka 1987 wakafanya jaribio kubwa: wagonjwa wengine wapewe dawa ya kweli, wengine vidonge visivyo na dawa, kiisha wahesabu. Mwaka 1989 dawa mbili zilisimamishwa kwa haraka, na hesabu nzima ilitangazwa mwaka 1991. Katika wagonjwa 1.498, waliokufa walikuwa 89: 63 kati ya waliopewa dawa, na 26 kati ya wasiopewa. Karatasi zilikuwa safi, na watu walikufa. Kwa hiyo yule jirani aliyeleta vidonge vya marehemu alikuwa na upendo, lakini dawa ya moyo wa mtu mmoja inaweza kuvuruga moyo wa mwingine. Tusizipokee.

Mfano wa pili ni wa jirani zetu Uganda, upande wa Gulu. Kuna ugonjwa unaoanza na koo kuuma. Koo lisipotibiwa, mtoto anaweza kupata homa na viungo kuvimba, na mwisho milango ya moyo, ile inayofungua na kufunga njia ya damu, inaharibika. Kipimo chake si Holter, ni ekografi, yaani picha ya moyo unaotembea. Kule waganga walipiga picha watoto 102.200. Mara ya kwanza 3.327 walionekana kuwa na alama za ugonjwa uliojificha. Wakachunguzwa tena kwa uangalifu, na wale ambao ugonjwa ulithibitishwa walikuwa 926. Angalieni: zaidi ya watoto wawili katika kila watatu walioshukiwa mara ya kwanza, ugonjwa haukuthibitishwa mara ya pili.

Lakini hadithi haiishi hapo. Kwa wale waliothibitishwa, waganga wenyewe hawakujua kama sindano ya penisilini kila majuma mane itawasaidia, juu watoto wale hawakusikia maumivu yoyote. Hawakubahatisha. Watoto 818 waliingia katika jaribio la miaka miwili, na jibu lilitangazwa mwaka 2021: kati ya 399 waliopata sindano, ugonjwa uliendelea kwa 3 tu, kati ya 400 wasiopata, uliendelea kwa 33. Basi, aliyesema «mtoto haumwi, tuache karatasi» angekosa, na aliyesema «wote 3.327 ni wagonjwa» angekosa pia. Walioshika neno «bado» kwa subira na kurudi kupima, ndio waliosaidia watoto.

6. TUFANYE NINI NA KARATASI YA «BADO»?

Kwanza, karatasi isisomwe na kijiji kizima. Isomwe na munganga aliyekugusa na kukuuliza. Kama uko mbali naye, anza na anfirmie wa kituo cha afya, yeye atakuonyesha yale ya kuuliza.

Pili, uwe na kaye. Siku ya mashini na siku zote za kungoja, andika tarehe, saa, ulikuwa unafanya nini, ulisikia nini, ilidumu dakika ngapi. «Saa mbili ya usiku, nilikuwa nimeketi, roho iliruka mara tatu, ikaisha.» Mistari mitatu ya bik inaweza kumsaidia munganga kuliko kuelezwa saa nzima.

Tatu, nenda na maswali yako yameandikwa, juu mbele ya koti jeupe akili inakimbia. Tunapendekeza haya: Jambo hili ni la mapigo, la msuli, ama la milango ya moyo? Kile nilichosikia na kile mashini iliona, vilikuja saa moja? Kitu gani kimehakikishwa, na kitu gani ni bado? Naweza kucheza mpira, kulima, kubeba mzigo? Kama ni dawa, ni ya nini na mpaka lini? Dalili gani inifanye nirudi mbio bila kungoja tarehe? Waombeni wazazi wawepo, wasikie kwa masikio yao. Kuuliza si ujinga, wala si kumkosea munganga heshima.

Ine, weka karatasi zote pamoja, hata ya zamani, ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na moshi wa jikoni. Karatasi ya leo inaelewa zaidi ikilinganishwa na ya jana.

Tano, ishi. Kama munganga hakukukataza masomo, soma. Kama hakukukataza kutembea, tembea. Lakini ulichokatazwa mpaka kipimo cha pili, kikatae kweli. Mwenzetu aliambiwa asicheze mpira mpaka arudi kupimwa. Sasa yeye ndiye anayepiga filimbi ya mwamuzi katika mazoezi ya vidogo, akisimama pembeni, na hakuna anayemcheka.

Sita, usikae ukijishika mkono kuhesabu kila saa. Hofu inaongeza mbio, na mbio inaongeza hofu. Hesabu mara moja asubuhi kama munganga aliomba, andika, funga kaye.

7. DALILI ZISIZONGOJA

Kuna mambo ambayo hayana «bado», hata kama karatasi ya mwezi uliopita ilikuwa safi. Mtu akianguka na kuzimia wakati anakimbia, kifua kikimbana wakati wa kazi, pumzi ikimkatika akilala chali, miguu ikivimba, moyo ukienda mbio sana ghafula bila sababu, na usitulie, ama kukiwa na ndugu wa damu waliokufa ghafula wakiwa vijana: apelekwe, ama aseme, siku ile ile. Na mtoto mwenye koo kuuma pamoja na homa apelekwe kituo cha afya kabla ya viungo kuanza. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwa wanaolala interna: ukiona mwenzako amezimia uwanjani, usimmwagie maji huku watu wakicheka. Ita mwalimu mara moja, tazama kama anapumua.

8. NENO KWA WANAOSALI NA WANAOSEMA

Tumesikia wengine wakisema kwamba anayerudi hospitali mara ya pili hana imani. Someni habari ya Mfalme Hezekia katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 20. Aliomba kwa machozi, Mungu akamsikia, na nabii huyo huyo aliyeleta jibu akaagiza tini zibandikwe kwenye jipu. Sala na dawa vilikuwa katika nyumba moja. Luka naye alikuwa munganga, na hakuacha kuwa mwandishi wa Injili.

Tena wale wanaosema «amefungwa» waone wanachofanya. Mtu anayengoja kipimo amebeba mzigo tayari. Ukimwongezea jina la adui wa kuogopa kati ya jirani zake, umemwongezea mzigo wa pili, na ule hauna munganga wa kuupima. Kama unataka kumsaidia, mnakilie masomo aliyokosa. Ukiwa na nguvu, mchotee maji. Muulize, «Kaye yako iko vipi?» na umsikilize.

Mwenzetu aliandika Egzete yake akiwa katika hali ya «bado», akapita. Kipimo cha pili kinakuja mwezi ujao, na safari hii kaye yake ina kurasa kumi na moja. Jibu lake hatulijui. Tunajua tu kwamba munganga safari hii atakuwa na kitu cha kusoma.

MASWALI NA ZOEZI

1. Mtu ana mapigo 100.000 kwa siku, na ekstrasistoli 500. Ni ngapi katika kila 1.000? Na mwenye 12.000 je? Kati ya hao wawili, nani anahitaji munganga achunguze msuli wa moyo upesi?

2. Kwa nini wale waliopewa dawa katika jaribio la 1987 walikuwa na karatasi nzuri na hali mbaya? Hiyo inatufundisha nini juu ya kununua vidonge sokoni?

3. Zoezi la wawili wawili: tafuta mshipa wa mkono wa mwenzako chini ya kidole gumba. Hesabu mapigo ya dakika nzima akiwa ameketi; tena baada ya kuzunguka uwanja mara moja; tena akivuta pumzi pole pole na kuitoa pole pole. (Aliyekatazwa na munganga asikimbie, yeye ahesabu wengine.) Mtaona kwa wengi kwamba moyo unaharakisha kidogo wakati wa kuvuta pumzi na kupunguza wakati wa kuitoa. Kwa vijana hiyo ni kawaida. Andikeni hesabu pamoja na saa na kazi iliyofanywa. Kiisha ficheni ile sehemu ya kazi, mpeni mwingine hesabu tupu, na mumwulize nani mgonjwa. Atakosa. Jadilini kwa nini.

Majibu yaletwe kwa shefu wa darasa kabla ya Ijumaa. Mungu awatunze.

Sisi viongozi wa wanafunzi,
darasa la mwisho, Kasugho